L Mbili za Pijo Nyeupe

Nanyama alizikata L zile mwenyewe kwa kisu cha mkate, kutoka kwenye vifuniko vya ndoo nyeupe za rangi zilizoachwa na mafundi nyuma ya stoo. Wekundu wake ulikuwa tepu ya fundi wa stima. Kila moja aliitoboa matundu manne pembeni, akapitisha kamba za blada, zile za mpira wa baiskeli zinazofungia mizigo, na alipomaliza akazipanga juu ya meza ya jikoni: moja ya mbele ya gari, moja ya nyuma, kama sheria inavyomtaka anayejifunza udereva. Dukani ziliuzwa L za karatasi ngumu. Nanyama hakutaka karatasi. Alitaka L ambayo mvua ingeinyeshea usiku kucha na asubuhi ibaki kuwa L.

Alikuwa na miaka arobaini na tatu mwaka huo wa 2006, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika nyumba moja ya Lavington, kwa Mzee Dedan Kuria na mkewe Hannah. Alitoka kwao Kimilili na cheti cha darasa la saba na sweta moja. Katika nyumba hiyo alipika, akafua, akamsuka nywele binti yao Cate mpaka Cate akaolewa akahamia Kitisuru, akazika mbwa watatu, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Hata sokoni Kangemi wauza mboga walizoea kumwambia, "Mama, ongea, hatutakukula."

Kwa hiyo siku aliposema kwamba atajifunza kuendesha gari, waliokuwepo walimsikia vizuri sana.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, baada ya kanisa. Mambo ya nyumba hiyo yalikuwa yameharibika pole pole. Goti la kushoto la Mzee lilikuwa limekataa kukunjika, na asiyeweza kukunja goti la kushoto hawezi kukanyaga klachi, hivyo Pijo yake nyeupe ilikuwa imekaa bandani tangu Pasaka. Mama Hannah naye alikuwa na kidonda cha ugonjwa wa sukari mguuni, na kila Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitalini Upper Hill kioshwe na kufungwa upya. Walikuwa wakitumia teksi. Ijumaa iliyotangulia teksi ilimshusha asubuhi, ikasahau kumrudia, na mama huyo wa miaka sabini na mbili akakaa kwenye benchi tangu saa sita mpaka wafagiaji walipomwomba ainue miguu.

Cate alikuja na jambo lake limeshaamuliwa.

"Kufika Desemba mtahamia kwangu," alisema huku akikoroga chai. "Kuna vyumba viwili pale nyuma. Hii nyumba tutaikodisha. Nanyama naye tutampatia kitu kidogo arudi kwao."

Nanyama alikuwa amesimama hapo hapo, birika mkononi.

"Vyumba viwili vya nyuma," Mama Hannah alisema. "Si ndio mbwa walikuwa wanalala?"

"Mum, tulipaka rangi."

"Na mbwa walisemaje?"

Mzee Kuria alilitazama goti lake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsaliti. Ndipo Nanyama alipoweka birika chini.

"Mama Jackie," alisema, maana tangu Cate apate mtoto alimwita hivyo kwa heshima, "mimi nitajifunza gari. Pijo iko hapo nje. Nitakuwa nikimpeleka Mama hospitali."

Cate alicheka, si kwa ubaya. "Nanyama, si rahisi hivyo. Mtu kujifunza na gari ya nyumbani, bima hairuhusu."

"Bima hairuhusu," Mzee alikubali kwa huzuni.

Wiki hiyo Nanyama aligundua kwamba Lavington nzima inajua bima hairuhusu. Fundi wa mifereji alijua. Mwalimu wa kwaya alijua. Kilonzo, soja wa getini, alijua kuliko wote.

"Mtu wa jikoni akigonga, bima inatoroka," alimweleza huku akitafuna muhogo. "Haitaki hata kujua jina lako. Wewe mama endesha sufuria. Hiyo haina trafiki."

Asubuhi moja, akimpelekea Mzee uji, Nanyama aliuliza swali moja tu. "Mzee, hiyo bima inakaa wapi?"

"Iko kwa kioo cha gari. Si unaiona?"

"Hiyo ni stika. Nauliza maneno yake."

Maneno ya bima yalipatikana kwenye droo, chini ya vitabu vya nyimbo, ndani ya bahasha ambayo haikuwahi kufunguliwa. Chini yake palikuwa na bahasha nyingine sita za miaka ya nyuma, zote zingali na gundi yake. Mzee Kuria, mtu aliyechora ramani za serikali kwa miaka thelathini, kila mwaka alikuwa amelipa, akabandika stika kiooni, akatia bahasha drooni. Nanyama aliifungua ya mwaka huo kwa ncha ya kisu. Zilikuwa kurasa kumi na nne za Kiingereza, herufi ndogo kama uwele. Alizisoma kwa kidole siku tatu, kila alipomaliza vyombo. Maneno mengi aliyaelewa yakiwa peke yake, lakini yakishikana mikono yalimpotea. Hata hivyo kuna neno alilolitafuta ukurasa kwa ukurasa na hakulikuta. Hakuna mahali palipoandikwa jikoni.

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alivaa rinda la kanisani akaenda mjini.

Ofisi ya Kivuva, ajenti aliyemuuzia Mzee bima, ilikuwa orofa ya nne, juu ya duka la viatu karibu na Moi Avenue. Kivuva alikuwa mtu mnene, mchangamfu, tai yake imeishia katikati ya tumbo. Alipomwona mwanamke mwenye kikapu mlangoni hakungoja salamu.

"Mama, leo nimeshakula. Chapati ulete kesho."

"Sijaleta chapati. Nimeleta bima ya Mzee Kuria wa Lavington. Nataka unisomee."

Kivuva alicheka, akamvutia kiti, akasikiliza habari yote ya goti, ya kidonda na ya Pijo. Kisha akatikisa kichwa.

"Sasa mama, wacha nikufupishie. Lena, yaani mtu wa kujifunza, hana bima. Hiyo ndiyo iko."

"Usinifupishie," Nanyama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, ikabidi Kivuva ainame kuisikia. "Nisomee."

"Ni kurasa kumi na nne!"

"Nimepanda orofa nne kwa miguu. Sina haraka ya kushuka."

Kivuva akavaa miwani. Alianza kwa kasi ya mtu anayetaka kumchosha mwenzake, akitafsiri mstari kwa mstari, na Nanyama akimfuata kwa kidole upande wake wa meza.

"Hapo umeruka."

"Hapo si kitu, mama."

"Kama si kitu hawangeandika."

Simu ililia, mtu akaambiwa apige baadaye. Walipofika ukurasa wa tisa Kivuva akapunguza mwendo. Akarudi juu. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena.

"Ati nini," alijisemea.

"Inasema nini?"

Akasoma polepole. Bima ile ilimkinga mtu yeyote anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye gari, ilmradi sheria inamruhusu kuendesha. Na mwenye leseni ya muda ya kujifunzia alihesabiwa kuwa ameruhusiwa, maadamu gari lina L mbele na nyuma, na kando yake ameketi mtu mwenye leseni kamili ambayo haijaisha muda. Kulikuwa na miiba miwili. Gari likiharibika kwa kosa la anayejifunza, ile sehemu ya kwanza ya gharama ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe inakuwa mara mbili. Na L ikikosekana, au yule wa kando akikosekana, kampuni hailitengenezi gari hilo kabisa.

"Aki miaka kumi na sita nauza hii kitu," Kivuva alisema. "Kila mtu akiniuliza namwambia hapana."

"Wewe ulisikia hapana kwa nani?"

"Kwa yule alikuwa hii ofisi kabla yangu."

"Alikuwa amesoma?"

Kivuva alivuta karatasi, akaandika barua yenye jina la Nanyama, nambari ya Pijo na masharti yote kama yalivyokuwa, akatia sahihi.

"Piga muhuri," Nanyama alisema.

"Mama, barua yangu haihitaji muhuri."

"Huko Lavington itahitaji."

Akapiga. Akapiga mara mbili, wa pili kwa heshima tu.

Nanyama alichukua leseni ya muda, akajiandikisha katika shule ya udereva kule Kangemi. Somo lilikuwa la dakika ishirini, wanafunzi watano ndani ya gari moja, wanne wakimtazama mmoja akizima injini. Muda mwingi walisimama kuzunguka ubao wa mji, ule uliochorwa barabara na mizunguko na alama zote, pamoja na vigari vya kuchezea vya kusukuma kwa kidole, maana siku ya mtihani polisi huanzia hapo: toa gari hapa, lifikishe hospitali, lirudishe uliegeshe pale. Ubao aliushika upesi. Nyumbani aliujenga upya juu ya meza ya jikoni. Mikebe ya chumvi ikawa mizunguko, maharagwe yakawa magari, na Mama Hannah, mguu juu ya stuli, akawa polisi.

"Wewe haragwe jekundu," Mama Hannah alikuwa akimwambia, "mwenzako anatoka maegesho kinyumenyume. Nani apite?"

"Mimi niliye barabarani. Anayerudi nyuma angoje."

"Na kama ni mtu mkubwa, anakupigia kelele?"

"Kelele haiko kwa ubao, Mama."

Lakini klachi haifundishwi mezani. Kwa hivyo asubuhi, kazi zikipungua, Nanyama alizifunga L zake mbili kwa kamba za blada, Mzee akaingizwa upande wa kushoto na mkongojo wake, na kabla injini haijawashwa mkono wa Nanyama ulikuwa umeshanyooshwa.

"Leseni, Mzee."

"Si uliiona jana?"

"Jana ilikuwa jana."

"Kwani wewe ni polisi?"

"Mimi leo ni bima."

Mzee alikitoa kijitabu chake chekundu huku akinung'unika. Nanyama aliisoma tarehe, akaikagua na ya leseni yake mwenyewe ya muda, akapapasa barua ya Kivuva iliyokuwa ndani ya nailoni kwenye mfuko wa aproni, akashuka akazunguka gari kuzitazama L. Ndipo alipowasha.

Getini Kilonzo aliwafungulia bawa moja tu la geti.

"Fungua yote," Mzee alisema siku ya kwanza.

"Hapo gari inatosha, Mzee. Kama ni dereva, si apite."

Nafasi ilikuwa ya vidole vinne kila upande. Nanyama alichukua nusu saa kutoka, mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku Kilonzo akihesabu kwa sauti kila injini ilipozima. Alifika kumi na saba. Nanyama hakumwomba afungue bawa la pili, wala siku hiyo wala siku yoyote. Wiki ya pili ikawa dakika tano. Kufika mwezi wa tisa Kilonzo hakuwa na cha kuhesabu, akarudia muhogo wake.

Barabara ya James Gichuru ilikuwa na maneno yake. Walimpigia honi. Mtu mmoja wa pikapu alitoa kichwa chote nje kumwambia arudi jikoni ugali unaungua. Nanyama alimpungia mkono polepole, kama anayemsalimu jirani, akaurudisha kwenye usukani, akabaki katika gia ya pili.

Aliyeumia kwa maneno hayo alikuwa Mzee. Alikuwa mzee wa kanisa, na Pijo ile aliinunua ikiwa mpya. Kila Jumatano wastaafu wenzake wanne walikunywa chai kwenye veranda ya mkahawa mmoja katika maduka ya Lavington, na zamani Pijo yake ikiingia pale waliinua vikombe. Tangu goti limharibikie hakuwa ameenda. Wiki moja kabla ya mtihani wa Nanyama, moyo ulimzidi.

"Leo tupitie madukani," alisema.

Kabla ya kona ya kuingilia akamgusa mkono. "Simama hapa kidogo. Nasikia gurudumu."

Nanyama hakusikia gurudumu, lakini alisimama. Mzee akashuka na mkongojo, akazunguka nyuma, akakawia huko, akarudi. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na jua lilikuwa kali. Nanyama aliliona koti, lakini macho yake yalikuwa kwenye kona.

Waliingia maegeshoni kwa gia ya kwanza. Gari kubwa la kijivu, lililokuwa limeegeshwa upande wa kushoto, likawasha taa zake nyeupe za nyuma na kurudi kwa mkupuo mmoja. Nanyama alikanyaga breki, akapiga honi. Lile likaja tu. Mlango wa nyuma wa Pijo uliingia ndani kama sufuria iliyoangukia sementi.

Mwenye gari kubwa alishuka, mtu mrefu wa suti, akaanza kwa kukagua bampa yake mwenyewe. Ndani ya Pijo Mzee alikuwa anahema.

"Nanyama, pita huku. Tubadilishane viti. Nitasema ni mimi nilikuwa naendesha."

"Na goti lako, Mzee? Klachi ulikanyaga na nini?"

"Hawatauliza goti!"

"Nikihama kiti hiki leo, sitakirudia tena."

"Basi wacha angalau nikaifunge hii, yule hajafika nyuma." Mzee akafungua koti, na ndani ya koti ilikuwepo L ya nyuma, na kamba zake za blada zinaning'inia.

Nanyama aliitazama. Ukurasa wa tisa ulimjia wote, na muhuri wa Kivuva, na mtihani wa wiki ijayo. Kama angeandikiwa kesi sasa, mtihani haupo, na bila mtihani Desemba ingefika, Mama Hannah aende vyumba vya mbwa na yeye apande basi la Kimilili na sweta yake.

"Kwa nini, Mzee?"

Mzee aliielekezea kidevu veranda. Wazee wanne walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wanatazama. "Sikutaka wanione nimebebwa na L."

"Lete."

"Nikaifunge mimi, haraka. Bila hii bima haitali..."

"Najua. Nimeisoma."

Aliichukua L, akafungua mlango, akashuka. Hakuenda nyuma ya gari. Alikwenda mbele za watu, aproni na kitambaa cha kichwa na L mkononi.

Yule mtu wa suti, ambaye jina lake baadaye liliandikwa Norman, alikuwa ameshamaliza kuizunguka Pijo. Alikuwa anatabasamu.

"Mama wa jikoni na gari ya wenyewe," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa waosha magari. "Na ni lena. Na nyuma hakuna hata L! Unajua lena hana bima wewe? Unajua nikikupeleka polisi unalala ndani? Sasa tumalizane hapa hapa. Mzee apigie watoto wake simu, walete pesa ya bampa yangu."

"Nipeleke," Nanyama alisema.

"Unasema?"

"Polisi. Umesema utanipeleka. Mimi niko tayari."

Norman aliangaza macho huku na huku, akaona watu wameanza kusimama. Akabadilisha sauti. "Wacha kwanza nitoe gari njiani, tuongee vizuri." Akaingia, akawasha injini, ili alirudishe lile gari mbele mahali pake, kama ambalo halijawahi kutoka.

Nanyama alipita mbio kati ya magari akasimama mbele ya bampa ya mbele, mgongo wake ukutani, L ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Songa, mama!"

"Gari itakaa hivyo hivyo mpaka ipimwe."

Norman akapiga honi. Akaishikilia. Honi ya gari kubwa ukiwa umbali wa hatua chache inaingia mpaka kwenye meno. Nanyama alimtazama mtu yule kupitia kioo, akasubiri amalize. Mwosha magari mmoja aliacha ndoo yake akaenda kusimama karibu naye. Kisha mwingine.

"Mama amesema ipimwe," wa kwanza alisema. "Zima gari, mkubwa."

Askari wa trafiki alitoka njia panda kwa miguu, mwanamke mnene asiye na haraka, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Norman alimfikia wa kwanza na kumweleza yote: amegongwa na lena, lena hana L ya nyuma, hana bima.

"Mama, L ya nyuma iko wapi?" askari aliuliza.

"Ni hii. Haikuwa imefungwa wakati alitugonga. Andika hivyo."

"Unajua hiyo ni makosa?"

"Najua. Andika. Halafu uandike ni gari gani ilikuwa inarudi nyuma."

Askari aliinua kofia kidogo ili amwone vizuri. Hapo ndipo mkongojo uliposikika kwenye lami. Mzee Kuria alikuwa ameshuka.

"Makosa ya L andika mimi," alisema. "Dedan Kuria. Huyu mama aliifunga asubuhi na akaikagua, kama kila siku. Mimi niliifungua hapo kwa kona nikaificha kwa koti." Akainua mkongojo akauelekeza kwenye veranda. "Niliwaonea aibu wale."

Mmoja wa wale wazee wa veranda, mfupi mwenye kofia ya sufu, akapaza sauti.

"Kuria! Sisi sote hapa tumekuja kwa miguu! Hata ungeletwa na tingatinga, tungekununulia chai!"

Waosha magari walicheka mpaka askari mwenyewe akageuza uso. Alipima kwa hatua zake, akachora chaki kuzunguka magurudumu, akaona lile gari la kijivu limetoka mahali pake kinyumenyume, na mlango wa ubavuni wa Pijo umeingia ndani.

"Bwana, ni wewe ulikuwa unarudi nyuma."

"Lakini hana bima!"

"Hata kama. Bima yake ndiyo ilikugonga?"

Akaandika. Habari ya L nayo aliiandika, akamwonya Mzee mbele ya marafiki zake wote, na Mzee akaonyeka.

Kivuva aliwaeleza baadaye kwa simu, na safari hii alikuwa ameisoma karatasi kabla ya kuzungumza. Mlango ungelipwa na bima ya Norman, kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Yao wenyewe haikuguswa. "Lakini mama," aliongeza, "kama ungekuwa wewe ndiye umemgonga, hiyo L ya kwa koti ingewaachia mlango na machozi." Nanyama alimwambia hilo alilijua tangu pale pale. Bima ya Norman ilijibu kwamba imepokea barua. Mwezi uliofuata ilijibu tena kwamba imepokea barua. Mlango ukabaki umebonyea.

Siku ya pili baada ya ajali Mzee alikuwa amekuja jikoni na bisibisi na boliti nne.

"Hizi kamba za blada hazifai," alisema.

"Kamba hazikuwa na makosa, Mzee."

"Najua. Shika hapa."

Wakazikaza L kwenye bampa kwa boliti, na tangu hapo kuzitoa ilihitaji spana na robo saa. Zilikuwa hapo hapo siku Nanyama alipomfikisha Mama Hannah Upper Hill kwa mara ya kwanza, kupitia Valley Road, malori nyuma yake yakilia. Zilikuwa hapo alipokwenda kufanya mtihani. Polisi wa mtihani alimpa kigari cha bluu juu ya ubao, akamwambia akitoe maegesho kinyumenyume. Nanyama alikisukuma kidogo kwa kidole, akakisimamisha, akangoja magari yasiyokuwepo yapite yote. Polisi alichoka kungoja, akamwambia, "Basi mama, twende kwa gari."

Cate alikuja Ijumaa ya kwanza ya Desemba, na pikapu ya kubebea vyombo. Aliikuta Pijo imeshatolewa bandani, inanguruma, baba yake mbele, mama yake nyuma, na kwenye bampa matundu ya boliti peke yake. L moja ilikuwa imetundikwa jikoni juu ya sinki. Aliuona mlango uliobonyea akashika kiuno.

"Nilisema mimi. Na sasa hii? Bima inasema nini?"

Nanyama alishusha dirisha. Mfukoni mwa aproni alitoa ile bahasha ya bima, imekunjwa ndani ya nailoni pamoja na barua ya Kivuva, akampa.

"Ukurasa wa tisa, Mama Jackie. Soma pole pole. Sisi tunatakiwa Upper Hill saa nne."

"Na vyombo? Nimekuja na pikapu!"

"Cate," Mama Hannah alisema kutoka nyuma, "vile vyumba, rudishia mbwa."

Nanyama aliingiza gia. Getini Kilonzo alikuwa ameshaiona leseni yenyewe wiki iliyopita, aliiomba aishike, akaipindua mara mbili. Leo, alipoiona Pijo inakuja, aliruka kutoka kwenye kiti chake, akavuta bawa la kwanza la geti, kisha akakimbilia la pili, akasimama kando nalo amelishikilia wazi kabisa, mkono kwenye paji la uso kama askari.

Nanyama alisimamisha gari.

"Kilonzo," alisema, na safari hii hakuna aliyehitaji kuinama ili amsikie. "Funga hilo moja."

"Mama, nimekufungulia yote!"

"Nimeona. Funga."

Kilonzo akalifunga. Nanyama akapita kwenye lile moja lililobaki, vidole vinne kila upande, akaingia barabarani.